Tabibu Hugh Trowell, Aliyeyaona Maradhi Yakiingia

Katika maradhi ambayo watu wa miji yetu ya pwani wayaogopa, hapana yanayoogopwa kama kiharusi. Mtu huondoka kwake asubuhi hali ni mzima, akenda dukani au bandarini, na kabla ya alasiri huletwa amebebwa, mdomo umekwenda upande, mkono haunyanyuki, na ulimi umekuwa mzito. Hapo hukusanyika jamaa na majirani, na kila mmoja hutoa lake. Huyu husema ni upepo mbaya, yule husema amepigwa na jini, na wa tatu hunong'ona kuwa amerogwa na mshindani wake wa biashara. Na asiyesema hayo husema ni majaaliwa, kisha hunyamaza, kana kwamba neno hilo limemaliza kazi yote iliyokuwa ikitupasa.

Tumeona inafaa kuwaeleza ndugu zetu khabari za tabibu mmoja aliyefanya kazi katika Afrika ya Mashariki kwa muda wa karibu miaka thelathini. Tabibu huyu alipofika, kupanda kwa shinikizo la damu, ambako watu wengi hukuita presha, kulikuwa ni jambo la nadra mno kwa wenyeji wa nchi hizi. Alipokuwa akiondoka, lilikuwa ni jambo la kila siku hospitalini. Presha hiyo ndiyo sababu kubwa ya kiharusi kuliko zote. Basi mtu aliyeyaona maradhi yakiingia mlangoni yafaa aulizwe yaliingia kwa njia gani, ili tujue njia ya kuyatoa.

Jina lake ni Hugh Carey Trowell. Alikuwa Mwingereza na Mkristo, na katika uzee wake alikuwa kasisi wa dini yake. Twajua wako watakaouliza kwa nini karatasi ya darsa letu imtaje mtu kama huyo. Jawabu ni kuwa wazee wetu katika Baghdad walimsoma Jalinus Myunani, wala hawakuona aibu. Abu Bakr al-Razi na Ibn Sina walichukua kwake lililokuwa sawa, wakasahihisha walilodhani ni kosa, wakaongeza ya kwao. Elimu ya mwili wa mwanadamu haina kabila. Aibu ni kwa mtu aliyeletewa elimu hadi mlangoni kwake akaifungia mlango.

Trowell alizaliwa mwaka 1904 katika Uingereza, akasomea utabibu katika hospitali ya St Thomas's mjini London. Mwaka 1929, akiwa kijana wa miaka 25, aliingia katika kazi ya utabibu ya serikali ya kikoloni, akaletwa Kenya pamoja na mkewe, Margaret. Miaka yao ya mwanzo waliishi Machakos katika nchi ya Wakamba. Bibi huyu aliipenda sana kazi ya mikono ya Wakamba, khasa uchongaji wao, na baadaye ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa katika chuo cha Makerere.

Wilaya ya Machakos ya siku hizo ilikuwa kubwa kuliko ya leo, kwani Makueni ilikuwa ni sehemu yake hata mwaka 1992 ilipotengwa. Msomaji wetu wa Mombasa anaijua nchi hiyo, japokuwa hajapata kushuka garini, kwa kuwa reli ya kwenda Nairobi hupita humo: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu. Jirani yake ni Kitui. Ni nchi kavu, mvua zake ni chache, na watu wake tangu zamani wamezoea kulima vyakula vinavyostahimili ukame: mtama, mawele, kunde, pojo na mbaazi. Mbaazi tuzipikazo kwa nazi asubuhi, tukazila kwa mahamri, nyingi hutoka huko Makueni na Kitui. Watu wa wakati ule walikula nafaka pamoja na wishwa wake, na kunde pamoja na maganda yake. Sukari ilikuwa ni kitu cha dukani, na mwenye kuinunua huinunua kidogo. Na chumvi vile vile.

Tabibu mgeni katika nchi kama hii alikuwa na kazi nyingi, na karibu zote zilikuwa ni za maradhi ya kuambukiza: malaria, kifua kikuu, kichocho, buba, na homa za namna kwa namna. Hapana mtu atakayedharau maradhi hayo. Huko Kitui, katika miaka ya 1950, palizuka homa ya kala-azar, ambayo huvimbisha wengu na kumkondesha mtu hata akafa asipotibiwa. Wataalamu walipoifuatia hawakutosheka na kumtazama mgonjwa kitandani. Walikwenda kutazama anapochunga, anapolima na anapokaa jioni na wenziwe, wakaona kuwa visubi vinavyoeneza maradhi hayo hukaa ndani ya vichuguu vya mchwa, na kwamba wanaume waliozoea kuketi karibu na vichuguu hivyo magharibi ndio waliokuwa wakiumwa. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti: kumfuata mgonjwa mpaka mahali ugonjwa ulipompatia.

Trowell naye alikuwa na tabia hiyo hiyo ya kufuatia, lakini yeye zaidi alitazama yaliyomo katika chungu. Na jambo lililomshangaza halikuwa yale aliyoyaona, bali yale asiyoyaona. Vitabu alivyosomea London vilijaa khabari za presha, maradhi ya moyo, kisukari na kiharusi. Katika wagonjwa wake Waafrika hakuyakuta illa kwa nadra sana. Wala hakuwa peke yake katika kuliona hilo. Mwaka ule ule wa 1929 tabibu mwenziwe, Donnison, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Nyanza ya Kusini, alitangaza kuwa amewapima wenyeji wapatao 1,000. Aliona kuwa kwa Wazungu shinikizo la damu huzidi kupanda kadiri umri unavyokwenda, lakini kwa watu hao halikupanda walipokwisha kupita miaka arubaini. Tusisahau neno hili: wazee wa Kenya, si zamani sana, waliingia uzeeni na damu yao imetulia kama ya vijana.

Mwaka 1935 Trowell alihamishiwa Uganda, akawa tabibu katika hospitali ya Mulago, Kampala, na mwalimu wa vijana wa Kiafrika waliokuwa wakisomea utabibu huko. Hapo ndipo alipojulikana duniani, kwa sababu ya maradhi ya watoto. Aliona watoto walioachishwa ziwa wamevimba miguu, nywele zao zimekuwa nyekundu, ngozi inachubuka, na nyuso zao zina huzuni. Wengi walikufa. Kwanza alidhani kuwa ni namna ya ugonjwa uitwao pelagra, na akaandika hivyo kwa jina lake. Akawapa dawa ya pelagra, na watoto hawakupona.

Hapa twataka msomaji asimame kidogo. Mtu mwenye cheo aliyekwisha kuandika jambo likasomwa na watu, ni vizito kwake kurudi akasema kuwa alikosea. Wengi wetu tukisema neno katika baraza hulishikilia hata likatuangusha. Trowell alirudi. Alikubali kuwa Bibi Cicely Williams, tabibu wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, ndiye aliyekuwa sawa: haya yalikuwa ni maradhi mengine, nayo ni kwashiakoo, yatokanayo na mtoto kupewa chakula kisichomtosha katika mambo yanayojenga mwili. Alishirikiana na wenziwe, miongoni mwao Mganda, tabibu Eria Muwazi. Na mwaka 1954 yeye pamoja na Davies na Dean walitoa kitabu kikubwa juu ya maradhi hayo, kilichosomwa na matabibu wa nchi nyingi. Kwa kukiri kosa moja la mwalimu huyu, watoto wengi walipata kutibiwa inavyopasa.

Katika miaka hiyo hiyo aliona jambo la pili, na hili lilikuja polepole kama maji ya bamvua. Wagonjwa wa presha, ambao zamani walikuwa hawapatikani, walianza kuingia Mulago mmoja mmoja. Kisha wakawa wengi. Kisha wakawa ni wa kawaida, hata haikuwa tena ajabu kumwonyesha mwanafunzi Mwafrika aliyepooza upande mmoja kwa ajili ya mshipa wa ubongo kupasuka. Mwaka 1956 yeye na mwenziwe Singh waliandika khabari ya Mwafrika aliyepatwa na maradhi ya mishipa ya moyo, na mgonjwa mmoja huyo alihesabiwa kuwa ni wa kuandikwa, kwa jinsi maradhi hayo yalivyokuwa adimu. Na mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika, wakati ambapo karibu kila mtu alikuwa akizungumza juu ya yale yanayoambukiza tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alirudi kwao, akasomea dini yake, akafanywa kasisi. Mtu angedhani kazi yake ya utabibu imekwisha. Lakini swali la Machakos na Mulago halikumwacha. Alikutana tena na Denis Burkitt, tabibu mpasuaji aliyekuwa naye Uganda, wakaanza kulinganisha maradhi ya nchi na nchi na vyakula vyao. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi yake, na mwaka 1981 kingine juu ya maradhi yanayofuatana na maisha ya Kimagharibi. Kati ya vitabu hivyo viwili, mwaka 1980, Trowell aliandika katika jarida la utabibu la Afrika ya Mashariki makala juu ya watu wa Kenya na Uganda, namna walivyotoka katika damu iliyotulia wakaingia katika presha kwa muda wa miaka khamsini, tangu 1928 hata 1978. Alifariki mwaka 1989, umri wake unakaribia miaka 85.

Sasa tuulize: ni kitu gani kilichobadilika katika miaka hiyo khamsini? Damu ya ukoo haibadiliki kwa muda mfupi hivyo. Mtoto wa Mkamba wa mwaka 1978 ni mjukuu wa Mkamba wa mwaka 1928, na mwili wake umetoka kwake. Majini, kwa wenye kuwasingizia, hawakuwa wachache zaidi mwaka 1928. Kilichobadilika ni chungu na kazi. Watu walihama mashamba wakenda mijini kutafuta mshahara. Wakaacha mtama wakashika unga uliokobolewa; wakaacha kunde wakashika mkate mweupe na chai ya sukari nyingi; chumvi iliyokuwa ikinunuliwa kidogo ikawa katika kila kitu; na mwili uliokuwa ukitembea siku nzima ukakaa kitini na kunenepa. Trowell aliyataja haya, na katika kupanda kwa presha aliitaja khasa chumvi.

Yaliyofuata baada yake yamezidi kuthibitisha asili ya maneno hayo. Mwaka 1990 ulitangazwa utafiti wa watu waliohama vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda Nairobi. Presha zao zilionekana kupanda muda mchache tu baada ya kuingia mjini, na katika mikojo yao ilionekana kuwa chumvi wanayoila imezidi, na madini ya potasiamu, yapatikanayo katika mboga, kunde na matunda, yamepungua. Katika Tanzania, utafiti uliotangazwa mwaka 2010 ulilinganisha Dar es Salaam na Hai, wilaya ya mashamba iliyo chini ya Kilimanjaro. Hesabu zilipowekwa sawa kwa umri, waliopatwa na kiharusi Dar es Salaam walikuwa karibu mara tatu ya wale wa Hai. Na nchini Kenya, upimaji wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima wana presha iliyopanda. Nchi ile ile ya Donnison!

Namna chumvi inavyofanya kazi si vigumu kuifahamu. Chumvi huvuta maji. Ikizidi mwilini, maji huzidi katika damu, na figo zikishindwa kuyatoa upesi, damu huisukuma mishipa kwa nguvu, mfano wa maji mengi yaliyofunguliwa katika mpira mwembamba. Siku moja haitadhuru. Lakini mshipa unaosukumwa hivyo usiku na mchana kwa miaka kumi hukakamaa na kuharibika. Ukipasuka ndani ya ubongo, au ukiziba, sehemu ya ubongo hukosa damu, na kiungo kilichokuwa kikitawaliwa na sehemu ile hulegea. Hicho ndicho kiharusi. Na ubaya wa presha ni kuwa haiumi. Mwenye nayo hula, hucheka na huswali, wala hajui.

Je, maradhi yaliyoingia kwa chungu yaweza kupunguzwa kwa chungu? Jawabu limepatikana. Katika China wataalamu waliwafuatia watu karibu 21,000 wa vijiji 600, wengi wao wakiwa wamekwisha kupatwa na kiharusi. Nusu ya vijiji waliendelea na chumvi yao ya kawaida, na nusu walipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Baada ya miaka karibu mitano, mwaka 2021, ilitangazwa kuwa viharusi vimepungua kwa asilimia 14 kwa wale waliobadilishiwa chumvi. Hawakubadilishiwa illa chumvi. Lakini mwenye maradhi ya figo asijaribu chumvi hiyo bila kumwuliza tabibu, kwani yeye yaweza kumdhuru.

Wala asidhani mtu kuwa tunasema kila chakula cha zamani ni salama. Mwaka 2004, katika Makueni na Kitui hizo hizo, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hata yakaota kuvu wenye sumu. Twasema tu kuwa kile tukiingizacho kinywani ni jambo la kuangaliwa, na kwamba kutoangalia kuna mauti ndani yake, ya ghafula kama yale ya mahindi, au ya polepole kama haya ya chumvi.

Sasa twarudi kwetu. Twamjua mtu wa mji wetu, mwenye kuswali safu ya mbele, aliyeanguka baada ya isha. Jamaa zake walimwita mwenye kupunga, wakafukiza ubani, na siku tatu zikapita kabla hajapelekwa kwa tabibu. Aliishi, lakini hajasema neno lenye kufahamika tangu siku hiyo. Nasi tulikuwamo katika waliokwenda kumtazama usiku ule, tukamwombea dua, wala hatukuwaambia wamchukue hospitali. Tulinyamaza kwa kuona haya mbele ya wazee. Makala hii ni sehemu ya deni letu kwake.

Hata sisi tunaoandika, tulipopimwa baadaye, tulikutwa presha imepanda, na tulikuwa tukijiona wazima. Tulipoitazama sinia yetu tuliyaona yote ya Trowell yamo: ng'onda na papa wa chumvi, achari, mahamri ya unga mweupe, chai iliyojaa sukari, na kitoweo kinachoongezwa chumvi mezani kabla ya kuonjwa. Na katika harusi na khitma zetu mambo huzidi, kwa kuwa mwenyeji huona aibu chakula kisipomwagika. Dini yetu imetukataza israfu katika kula na kunywa, nasi twaisoma aya hiyo, kisha twainuka twende tukaivunje.

Basi yatupasa haya. Mtu mzima apimwe presha, aliyepita miaka arubaini asikose kila mwaka. Ni kazi ya dakika chache wala haina maumivu. Aliyepewa dawa asiziache kwa kujiona mzima, kwani uzima huo umeletwa na dawa. Chumvi ya siku nzima, pamoja na iliyomo katika mkate na samaki, isizidi kijiko kimoja cha chai. Samaki wa chumvi arowekwe na maji yake yamwagwe, au aachwe tukala mbichi ambaye Mwenyezi Mungu ametupa bahari nzima ya yeye. Mbaazi, kunde, mchicha na matunda virudi katika sinia. Mwenye kuvuta tumbaku aiache. Na mtu akionekana mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno yamevurugika, apelekwe hospitali saa ile ile, kwani saa chache za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Dua isomwe njiani.

Wako watakaosema tena kuwa ajali haiondoshwi. Ni kweli, wala hatubishi. Lakini mtu huyo huyo hufunga mlango wake usiku, na hufunga ngalawa yake kabla ya kusi kuvuma, wala haoni kuwa amepingana na majaaliwa. Kutafuta sababu ni katika yale tuliyoamrishwa. Wazee wa Kenya wa mwaka 1929 walikuwa chini ya majaaliwa kama sisi, na presha haikuwapanda.

Trowell aliishi miaka ya kutosha kuyaona maradhi yakija, lakini hakujaaliwa kuyaona yakiondoka. Kazi hiyo imebaki kwetu, na kwa mama zetu na dada zetu wenye mwiko jikoni. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe akili ya kuinufaisha siha aliyotupa kabla hajatuondolea. Amin.